Jukwaa la nyuma kwenye boti ya futi 21: la kusimamia, si la kubebea

Swali, kutoka kwa mvuvi wa Katonga, Kigoma: "Nina boti ya mbao ya futi 21, upana wa mita 1.6, na mashine ya nguvu 15 ya shafti ndefu. Tunavua watatu, kwa makila (nyavu za kunasia samaki) na kwa mishipi ya migebuka. Nataka jukwaa nyuma ili wawili wasimame juu yake wakivuta wavu, na wavu wenyewe pamoja na makreti ya samaki vikae hapo hapo. Fundi mmoja anasema alitoe nje, nyuma ya ubao wa mashine, ili ndani pabaki wazi. Mwingine anasema nifanye la chuma, ndilo litadumu. Ukingo wa nyuma uko sentimita 38 juu ya maji tukiwa ndani wote watatu. Nimsikilize nani?"

Jibu:

Ndugu, usimsikilize hata mmoja. Jukwaa likae ndani, mbele ya mashine, liwe la mbao, na liwe la kusimamia watu tu. Wavu na makreti vibaki katikati ya boti, chini. Boti yako inalimudu jukwaa la namna hiyo, lakini haina ziada ya kubeba kila kitu ulichokitaja, na hizo sentimita 38 zako ndizo zinazosema hivyo.

Tuanze na maji. Boti ya ukubwa wako hukalia juu ya maji eneo la karibu mita 6 za mraba, ukishaondoa zile sehemu zinazochongoka mbele. Maji ya Tanganyika hayana chumvi ya bahari, kwa hiyo mita 1 ya mraba ikizama sentimita 1 inabeba kilo 10. Hiyo maana yake kilo 60 zikiwekwa katikati kabisa zinaizamisha boti nzima sentimita 1. Hapo ndipo watu wengi hukomea, wanaona kilo 200 ni sentimita 3 na kitu, wanaagiza mbao. Lakini jukwaa halikai katikati. Uzito ukienda nyuma, boti inafanya mambo mawili kwa pamoja: inazama kidogo yote, na inainua omo (mbele) huku ikikalisha tezi (nyuma). Kwa boti kama yako, kilo 100 zikiwa mita 2 nyuma ya katikati zinashusha tezi karibu sentimita 6. Kilo hizo hizo zikining'inizwa nje, nyuma ya ubao wa mashine, zinaishusha karibu sentimita 9. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kumkatalia fundi wa kwanza.

Sababu ya pili ni mawimbi. Jukwaa la nje halina mwili wa boti chini yake wa kulibeba. Wimbi likija kutoka nyuma linalipiga kwa chini na kulisukuma juu. Wimbi likipita, linaning'inia na watu wake. Mvutano huo wote unaishia kwenye ubao wa mashine, ambao tayari unabeba kilo 40 za mashine na msukumo wake. Baada ya msimu mmoja wa upepo wa kusini utaona mbao za ubavu zimeanza kuachana na ubao wa nyuma kwenye pembe, na maji yanaingia mahali ambapo pamba ya kuzibia maungio haikai tena hata ukipiga kalafati mara tatu. Na hata kama ungelikaza vizuri, mvutaji wa wavu atakuwa amesimama juu ya pangaboi ya mashine. Wavu ukiteleza unakwenda moja kwa moja kwenye mashine.

Sasa hesabu yako yenyewe. Jukwaa la mbao la ukubwa unaofaa lina uzito wa kilo 35 hivi, na linashusha tezi sentimita 2. Watu wawili wa kilo 70 tayari wamo ndani ya boti, kwa hiyo hawaongezi uzito mpya. Wanauhamisha tu kutoka katikati kwenda nyuma, na hilo ni sentimita 6. Jumla 8. Kutoka 38 unabaki na 30. Ukiongeza wavu uliolowa na makreti, tuseme kilo 100, zinaondoka nyingine 6 na unabaki na 24. Hapo boti imesimama wima, maji yametulia, hakuna anayevuta kitu.

Wakivuta, wote wawili watakuwa upande mmoja. Watu wawili wakisimama sentimita 60 kutoka mstari wa katikati, boti ya upana wako inalala kiasi cha kushusha pembe ile ya nyuma sentimita 12 au 13 zaidi. Wavu wenyewe nao unavuta ukingo chini, hasa ukinasa jiwe. Kwa hiyo usipime katikati ya tezi ukaridhika. Pima pembe. Hiyo pembe ya nyuma, upande wa kuvutia, ndiyo itakayoingiza maji kwanza, nayo ndiyo watu huiangalia mwisho kwa sababu macho yote yako kwenye wavu.

Kipimo ninachokishikilia kwa boti za futi 20 hadi 23 ziwani ni hiki: watu na jukwaa vikiwa nyuma, boti wima, ukingo usiwe chini ya sentimita 30, na watu wakihamia pembe moja, pembe hiyo isiwe chini ya 15. Wewe uko kwenye mpaka kabisa. Ili upate nafasi ya kupumua, hamisha vitu vizito visivyo na sababu ya kukaa nyuma. Betri ya taa kilo 18, nanga na kamba yake kilo 12, dumu la maji ya kunywa kilo 10: hizo ni kilo 40, na zikisogezwa mita 3 kwenda mbele zinainua tezi sentimita 2 na nusu bila kugharimu shilingi. Tangi la petroli usilipeleke mbali hivyo. Mpira mrefu wa mafuta ukikanyagwa au ukipasuka katikati ya boti ni shida kubwa kuliko faida yake.

Kabla ya kwenda kununua mbao, fanya jaribio la madumu. Dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 21 pamoja na plastiki yake. Chagua asubuhi ziwa likiwa limelala, ipeleke boti kwenye maji ya kiunoni, mashine ikiwa mahali pake na vyombo vyote vya kazi vikiwemo. Watu watatu wakae kama kawaida; pima kimo cha ukingo nyuma, kulia na kushoto, kwa futi kamba. Halafu wale wawili washuke, abaki mmoja katikati, na uweke madumu 8 (badala ya watu wawili na jukwaa) pale jukwaa litakapokuwa. Yaweke juu ya kreti zilizosimamishwa, kiasi cha sentimita 40 kutoka sakafuni, kwa sababu uzito wa juu unayumbisha kuliko uzito wa chini. Pima tena. Mwisho sukuma madumu 7, ambayo ni watu wawili, upande mmoja, taratibu, mtu akiwa ameshika boti kutoka majini, na upime pembe. Ukiona imeshuka chini ya 15, punguza: jukwaa la mtu mmoja badala ya wawili. Madumu hayana aibu ya kukuambia ukweli, na fundi atalipwa tu boti ikielea au isielee.

Kuna jambo ambalo hukulitaja, na kwangu ndilo kubwa kuliko ukingo. Mashine ya shafti ndefu huhitaji ubao wa mashine wa kimo cha sentimita 51 kutoka chini ya boti. Ya shafti fupi ni 38. Ikiwa ubavu wa boti yako nyuma una kimo cha sentimita 65, basi pale katikati, mashine inapofungwa, ubao umekatwa chini kwa sentimita 14. Wewe umepima 38 kwenye ukingo. Kwenye pengo la mashine una 24 tu. Jukwaa likishakaa na watu wakasimama, hata ukihamisha vitu mbele, utabaki na 18 hivi. Hilo ndilo mlango wa maji. Unajua inavyokuwa unapoingia mwalo wa Kibirizi ukapunguza moto ghafla: wimbi la boti yako mwenyewe linakufuata, linakufikia, linapanda nyuma. Na sentimita 18 zinaliruhusu.

Dawa yake ni ukuta wa ndani. Sentimita 65 mbele ya ubao wa mashine, jenga ukuta wa mbao kutoka ubavu hadi ubavu, uanzie sakafuni na kufika kimo cha ukingo. Uukalishe kwenye taruma (ule ubavu wa ndani unaoshika mbao za boti) kama kuna taruma karibu; kama hakuna, weka taruma jipya hapo. Upige kalafati chini na pembeni kama unavyopiga mbao za boti. Maji yakipanda juu ya ubao wa mashine yanaishia kwenye kichumba hicho, hayatembei boti nzima, na unayakomba kwa kopo. Mafundi wengine huweka sakafu ya juu ndani ya kichumba na matundu ya kutolea maji nyuma. Hilo ni zuri pale tu sakafu hiyo inapobaki juu ya mstari wa maji boti ikiwa na mzigo wote. Kwenye boti yako haitabaki juu, na matundu yatakuwa yanaingiza badala ya kutoa. Acha.

Sentimita 65 si namba ya kukariri. Inua mashine mpaka juu kabisa kama unavyofanya ukifika ufukweni: kichwa chake kinalala kuja ndani ya boti. Igeuze kulia na kushoto ikiwa juu, kisha ishushe na uzungushe mkono wa usukani pande zote. Weka alama pale inapofika mbele zaidi, ongeza sentimita 10. Kisha vuta kamba ya kuwashia mara kadhaa, kwa nguvu, na uangalie kiwiko kinapita wapi. Jukwaa likiwa karibu mno, mtu anavuta nusu nusu, mashine haiwaki, na wimbi halisubiri. Ikiwa mkono wa usukani ni mrefu na unapita ukuta, ukate ukuta pengo katikati kwa juu, sentimita 12 kwenda chini, upana wa kuzungushia mkono tu.

Sasa mbao. Kwa jukwaa la sentimita 90 kwenda mbele na mita 1.3 kwa upana (huo ndio upana wa ndani pale nyuma kwa boti nyingi za saizi yako, lakini pima ya kwako), unahitaji mbao 2 za 2×4 za futi 12 na mbao 3 za 1×4 za futi 12. Mbao moja ya 2×4 inatoa boriti 2 za mita 1.3. Ya pili inatoa boriti ya tatu na vikalio 2 vya sentimita 95 (mbao za pembeni ambazo boriti zitakaa juu yake), na kipande kinachobaki kinatosha kurekebisha makosa. Zile za 1×4 kila moja inatoa vipande 4 vya sentimita 90. Vipande 12 vikipangwa kwa nafasi ya sentimita 1 vinajaza upana wote. Mbao za ukuta wa ndani ni hesabu nyingine: mbao 1×8 za futi 12, tatu, zinatosha pamoja na viungio vyake.

Boriti na vikalio viwe mninga. Mninga wa Tabora na Kigoma haunywi maji sana, haupindi sana unapokauka, na unashika skrubu. Mkora nao ni imara lakini ni mzito zaidi, na hapa kila kilo iko nyuma. Kwa vipande vya kukanyagia, msindano uliotiwa dawa unatosha na unapunguza uzito. Ukichakaa unabadilisha kipande kimoja kwa bei ndogo. Mtundu usiuguse kwa kazi ya majini, unaoza. Mkaratusi unapasuka vichwa na kujipinda, na mwezi wa pili utakuta skrubu zimeng'oka. Na mbao uliyoletewa ikiwa bado mbichi, ipange kivulini na vijiti kati yake, wiki 4 au zaidi, ndipo ukate. Plaiwudi ya dukani, ile ya makabati, inaachana tabaka kwa tabaka ikilowa. Hata ukipaka rangi juu, maji yanaingia kwenye kingo zilizokatwa.

Kuhusu chuma. Angle ya 40×40 ya unene wa milimita 4 ina kilo 2.4 kwa kila mita. Fremu ya jukwaa hili inakula mita 8, yaani kilo 19. Bati la milimita 3 la kufunika juu lina zaidi ya kilo 27. Umefika kilo 46 kabla hujafunga bolti, dhidi ya 35 za mbao. Chuma hicho kinateleza kikilowa magamba ya samaki, kinaunguza nyayo saa nane mchana, na boti ikijaa maji kinavuta kwenda chini wakati mbao inavuta kwenda juu. Sifa yake ni kudumu, na mninga uliopakwa rangi unadumu vya kutosha.

Kimo cha jukwaa: sentimita 25 chini ya ukingo. Usilisawazishe na ukingo, hata kama linaonekana zuri zaidi likiwa hivyo. Sentimita 25 zinafanya ukingo umshike mtu kwenye muundi anapoinama. Akisukumwa na wimbi ana kitu cha kujikinga. Jukwaa lililosawazishwa na ukingo ni kama kusimama mezani.

Kazi yenyewe inaanza na kuchunguza mataruma. Chomeka bisibisi kwenye kila taruma la nyuma, hasa chini karibu na mkuku (uti wa chini wa boti), pale kwenye ngama, yaani sehemu ya chini ndani ya boti yanapokusanyika maji. Ikizama kwa urahisi, taruma limeoza, na jukwaa litafungwa kwenye unga. Badilisha kwanza. Boti ikiwa imesimama ufukweni, weka pimamaji kwenye sakafu na uchore mstari wa vikalio pande zote mbili. Kama boti imelala upande, pima kutoka ukingoni kwenda chini badala ya kuamini pimamaji.

Vikalio vifungwe kwenye mataruma, kamwe visifungwe kwenye mbao za ubavu. Mataruma yako pengine yana nafasi ya sentimita 40 hadi 50, kwa hiyo kikalio cha sentimita 95 kinakutana na mawili au matatu. Kila makutano weka bolti ya milimita 10 iliyochovywa zinki, ipite kikalio na taruma, na washa pana za milimita 30 pande zote. Toboa kwa drili ya milimita 10, usitoboe kubwa ili bolti iingie kwa ulaini. Bolti ikicheza kwenye tundu, tundu linakua kila wimbi. Usiitoboe hadi nje ya boti. Kama taruma ni jembamba kiasi kwamba huna nafasi ya nati, ongeza kipande cha mninga ubavuni mwa taruma na ufunge hapo. Misumari ni kwa kushikiza tu wakati wa kupima.

Boriti 3 zikae juu ya vikalio, zikisimama kwa ubavu wake mwembamba. Mbao ya 2×4 iliyosimama ina nguvu mara 2 ya iliyolala, na inapinda mara 4 pungufu. Kwa urefu wa mita 1.3 inabeba watu wawili wanaorukaruka bila nguzo katikati. Nasisitiza hili la nguzo kwa sababu mafundi wanapenda kuiweka, "kwa usalama". Nguzo inakaa kwenye ubao wa chini wa boti, na kila mtu akikanyaga juu, ubao unasukumwa nje, pamba inatoka, na unatafuta uvujaji kila mahali isipokuwa pale.

Kata kila boriti fupi kwa milimita 5 kila upande kuliko ulivyopima. Boti iliyokaa ufukweni kiangazi imekauka. Ikirudi majini mbao zinanyonya na kuvimba. Boriti iliyogongwa kwa nyundo ili iingie inasukuma mbavu nje na kufungua maungio. Ifunge kila boriti kwenye kikalio kwa bolti 1 kila kichwa, kutoka juu kwenda chini, kichwa cha bolti kikiwa kimezama ndani ya mbao.

Vipande vya kukanyagia vifungwe kwa skrubu za inchi 2 na nusu za zinki, 2 kwa kila boriti, ukitanguliza tundu dogo ili mbao isipasuke. Zamisha vichwa milimita 2 au 3 chini ya uso. Kichwa kimoja kilichochomoza kinatosha kuchana wavu wako usiku mzima. Kingo zote za mbele na pembeni ziondoe pembe kwa randa mpaka ziwe mviringo, kwa sababu hiyo hiyo. Vipande 4 vya katikati usivifunge kwenye boriti. Viunganishe kwa vipande 2 vya mbao vilivyokingama chini yake viwe kifuniko kimoja kinachonyanyuka, na kikomeo cha mbao cha kuzungusha kisiruke. Ngama ya boti nyingi iko hapo hapo nyuma. Ukiifunika kabisa hutaona maji yanapoongezeka, na kopo halitafika. Hapa ndipo majukwaa mengi huharibu boti nzuri: boti ilikuwa inavuja kidogo tangu zamani, mtu alikuwa anaona na kukomba, sasa haoni.

Tangi la petroli lisikae chini ya jukwaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala kwenye ngama, na chini ya jukwaa hakuna upepo wa kuuondoa. Nyaya za taa zikipita hapo hapo, cheche moja ya kiungo kilicholegea inatosha. Tangi likae mbele ya jukwaa, wazi, limefungwa kamba. Betri iko mbele ya boti kama tulivyosema. Waya wake upite juu, ubavuni, chini ya ukingo, usipite ngamani.

Kitu kinachofaa kukaa chini ya jukwaa ni madumu matupu. Watu wengi wanadhani yanaifanya boti ibebe zaidi. Hapana: dumu tupu lililo juu ya maji halibebi kitu, linaanza kazi pale tu maji yanapolifunika. Lakini hapo ndipo unapolihitaji. Boti ya mbao ikijaa maji haizami. Mashine ndiyo inayovuta tezi chini na kusimamisha omo hewani, na watu hawana pa kushika. Madumu 6 ya lita 20, yale ya mawese, yaliyooshwa na kufungwa vifuniko kwa gundi, yanasukuma juu kwa zaidi ya kilo 110. Hizo zinashinda mashine yako na kubakiza. Matatu kila upande, yafungwe kwenye boriti kwa kamba mara mbili, kifuniko cha ngama kibaki wazi katikati. Na sasa unaona kwa nini boriti zinataka bolti na si misumari: madumu yatazisukuma kwenda juu.

Rangi ni jambo fupi. Paka kabla ya kufunga, pande zote 6 za kila kipande, hasa vichwa vilivyokatwa. Maji huingilia huko. Kitangulizi mara 1, rangi ya mafuta mara 2. Kwenye koti la mwisho la sehemu ya kukanyagia, rangi ikiwa mbichi, nyunyiza mchanga wa mto uliokauka na kuchekechwa kwenye chandarua, uache ukauke, fagia unaobaki. Kila mwaka utarudia.

Wakati mzuri wa kazi hii ni ziwa linapofungwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na miezi hiyo ni kiangazi: mbao zinakauka, rangi inashika, boti iko ufukweni hata hivyo. Ukisubiri siku za mbalamwezi tu, wavuvi wanapopumzika, una siku chache na utapaka rangi juu ya mbao yenye maji.

Ukishairudisha majini, iache ilale siku 2 imefungwa ufukweni ivimbe, kisha rudia vipimo vya pembe ukiwa na watu halisi badala ya madumu. Baada ya hapo iwashe mashine. Angalia kibati bapa kilicho juu ya pangaboi: boti ikitulia na watu wakiwa mahali pao pa safari, kinatakiwa kiwe usawa wa chini ya boti au sentimita 2 na nusu chini yake. Hicho hakibadiliki kwa jukwaa, kwa kuwa ubao ni ule ule. Kinachobadilika ni tundu dogo la moshi nyuma ya shingo ya mashine. Tezi likishuka, tundu linaingia majini, na mashine inaanza kuwaka kwa taabu na kuzimika ikiwa taratibu. Mafundi wa mashine watakubadilishia plagi na kabureta bila faida yoyote. Sogeza uzito mbele kwanza.

Ukikimbia, watu washuke jukwaani wakae katikati. Boti ikishika mwendo tezi linakaa chini zaidi kuliko ikiwa imesimama, na watu wawili nyuma watakufanya uone anga badala ya maji yaliyo mbele. Ukiona bado omo limeinuka mno watu wakiwa katikati, badilisha pini ya mwinamo wa mashine: isogeze tundu moja kuelekea ubao wa nyuma, jaribu, kisha moja tena ikibidi.

Baada ya wiki 2 za kazi kaza nati zote upya, kwa sababu mbao imejipanga na washa zimezama kidogo. Na kabla ya ukaguzi unaofuata wa TASAC, shirika la serikali linalokagua usalama wa vyombo vya majini, waambie kwamba umeongeza jukwaa na ukuta wa ndani, uwaonyeshe vipimo ulivyoandika vya pembe zote mbili. Mkaguzi akikuta kitu kipya nyuma ya boti bila maelezo, ataanza na swali lile lile la kimo cha ukingo, na ni afadhali namba uwe nazo wewe.